JE, WAJUA? Reli ya Mpanda ilifuata madini

Je, wajua kwamba reli ya Mpanda haikujengwa kwa ajili ya abiria? Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilichepusha njia kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, ili kusomba madini ya risasi ya mgodi wa Mpanda yafike bandari ya Dar es Salaam. Tawi hilo la kilomita zipatazo 210, linalovuka mto Ugalla, lilikamilika mwaka 1950. Miaka kumi baadaye mgodi ukafungwa, treni ikabaki. Leo stesheni ya Mpanda, mwisho wa reli mkoani Katavi, huwahudumia abiria wa Kaliua na Tabora na kusafirisha mizigo yao.