Sura ya Nne Ingali Inauzwa

Mwaka 1996 John Bargh na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha jaribio ambalo baadaye lilisimuliwa katika semina za kila aina. Wanafunzi walipewa maneno yaliyovurugwa wayapange yawe sentensi. Baadhi yao, bila kuambiwa, waliwekewa maneno yenye harufu ya uzee: mvi, makunyanzi, Florida, jimbo ambalo Wamarekani wengi huhamia wakistaafu. Walipomaliza waliruhusiwa kwenda zao. Koridoni alikuwepo mtu na saa aliyoificha, akipima muda wanaotumia kutembea. Ikatangazwa kwamba waliopata maneno ya uzee walikwenda polepole zaidi. Wanafunzi wenyewe walikuwa 30 tu.

Mwaka 2011 jaribio hilo likaingia katika sura ya nne ya Thinking, Fast and Slow, kitabu cha Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Hakulitaja kwa tahadhari. Aliwaambia wasomaji kwamba matokeo ya aina hii hayaachi nafasi ya kukataa kuamini. Mamilioni waliamini, nami nikiwa mmoja wao. Kwetu pia kitabu kilipokewa kwa heshima. Wakufunzi wa uongozi wanakinukuu, mameneja wanakitaja kwenye vikao, na vijana wanaotafuta maendeleo ya nafsi wanakisoma kwenye simu wakiwa ndani ya daladala.

Ndani ya mwaka mmoja mambo yakaanza kuharibika. Mwanzoni mwa 2012 Stéphane Doyen na wenzake, mjini Brussels, walichapisha matokeo ya kulirudia jaribio la koridoni. Safari hii walichukua watu 120 na kupima mwendo wao kwa vihisio vya miale, si kwa mkono. Tofauti haikuonekana. Kisha wakafanya jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote: waliwapa wasimamizi saa za kupimia kwa mkono, nusu yao wakiambiwa watarajie watembeaji wa polepole. Walioambiwa hivyo wakapima mwendo huohuo wa polepole waliotarajia. Kwa hiyo matarajio ya mpimaji yanaweza kuchangia tofauti ya aina ile iliyotangazwa New York.

Kahneman hakunyamaza. Mwaka huohuo aliwaandikia watafiti wa fani hiyo akiwaonya kwamba maafa yanakuja, na akapendekeza maabara zirudie majaribio ya wenzao kwa zamu. Maabara nyingi zikaingia kazini. Mradi mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2014 ulikusanya zaidi ya watu 6,000 na kujaribu upya matokeo 13. Kumi yalisimama. Miongoni mwa yaliyoanguka ni lile la watu kubadilika kifikra kwa kuonyeshwa tu picha ya fedha, na habari za fedha za namna hiyo nazo zimo katika sura ya nne.

Mwaka 2017 watafiti waliichambua sura hiyo, utafiti baada ya utafiti, wakaonyesha jinsi ushahidi wake ulivyo mwembamba. Kahneman akawajibu hadharani kwamba aliweka imani kubwa mno katika tafiti zenye watu wachache. Akakiri pia jambo linalouma: makala yake ya kwanza na rafiki yake Amos Tversky, ya mwaka 1971, ilihusu kosa hilohilo la kuamini sampuli ndogo. Nawajua wanazuoni wachache sana wenye jina kama lake waliowahi kusema wazi hivyo, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Alifariki Machi 2024.

Hata hivyo kitabu kiliendelea kuuzwa na sura ileile, uhakika uleule, na hapo ndipo ninapokasirika. Anayekinunua leo hakuti kokote ndani yake onyo kwamba mwandishi mwenyewe alirudi nyuma. Lazima aje kulipata kwa bahati, pengine baada ya kuifundisha sura hiyo kwa wafanyakazi wenzake.

Kwa toleo la karatasi nitakubali udhuru. Nakala zilizokwisha kuchapishwa zimeshasambaa, nyingine zinauzwa mitumba pembeni mwa barabara, na hakuna wa kuzifuata. Toleo la kidijitali halina udhuru huo. Julai 2009 Amazon iliingia katika vifaa vya wateja wake na kufuta vitabu viwili vya George Orwell kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Watu waliamka wakakuta kitabu hakipo na fedha zimerudishwa. Kampuni ikaomba radhi baadaye, lakini uwezo ulikuwa umeshaonekana. Mkono unaoweza kufuta kitabu kizima unashindwaje kuongeza aya moja mwanzoni mwa sura?

Mwaka 2012, mwandishi Jonah Lehrer alipobainika kumzulia mwanamuziki Bob Dylan maneno katika kitabu chake Imagine, mchapishaji alikiondoa sokoni, pamoja na toleo la kidijitali, na wasomaji wakaahidiwa fedha zao. Huo ulikuwa uongo, na adhabu yake inaeleweka. Kahneman hakudanganya mtu, wala sidai kitabu chake kiondolewe. Ila msomaji aliyelishwa dai lililoanguka ana haki ya kuambiwa, hata kama hakuna aliyekusudia kumpotosha.

Nayo matoleo haya ya simu hayamsaidii anayetaka kujihakikishia. Vitabu vingi vya saikolojia vya soko pana hufungia tanbihi nyuma kwa namba za kurasa, na ukikuza herufi kidogo tu kurasa zote zinahama. Faharasa unaibonyeza, mara nyingi haikupeleki popote. Michoro ndiyo huumia zaidi: mistari miwili ambayo msomaji anatakiwa ailinganishe kwa macho hujikunja ikawa upana wa kidole gumba. Na kwa maduka mengi umelipia ruhusa ya kusoma tu. Huwezi kumpa mdogo wako kama ambavyo ungempa cha karatasi.

Nisieleweke kwamba kitabu chote ni cha kutupwa. Kina sura 38, na nguzo zake kuu bado zipo. Ule mradi wa 2014 ulithibitisha kwa nguvu kwamba namba ya kwanza mtu anayoisikia huvuta makadirio yake, jambo ambalo muuzaji yeyote wa Kariakoo analitumia kila asubuhi. Nadharia ya 1979 ya Kahneman na Tversky, inayoeleza jinsi hasara inavyotuuma kuliko faida inavyotufurahisha, ilijaribiwa tena katika nchi 19, matokeo yakachapishwa mwaka 2020, na kwa sehemu kubwa ikasimama. Ndiyo maana ukimya kuhusu sura ya nne unaumiza: msomaji anayeligundua anguko hilo peke yake huanza kuzitilia shaka hata sura nzuri, na hana wa kumwonyesha ipi ni ipi.

Ninachodai ni ukurasa mmoja kabla ya sura hiyo, katika kila nakala ya kidijitali iliyokwisha kuuzwa na itakayouzwa. Utaje jaribio la Brussels, utaje majaribio ya fedha yaliyoshindwa kurudiwa, na uweke jibu la Kahneman la 2017 kama alivyoliandika mwenyewe.