Bajeti Ipimwe Kibondo na Kasulu

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, yaani Kasulu, Kibondo na wilaya za Buhigwe na Kakonko zilizomegwa kutoka humo mwaka 2012, mwezi huo wa Julai ni kiangazi. Njia ni kavu, mito imeshuka, matofali hukauka vizuri, na lori huweza kufika hata kijiji cha mwisho karibu na mpaka wa Burundi. Oktoba inapoelekea ukingoni mvua huanza, na zikishaanza hazina haraka ya kuondoka mpaka mwezi wa Mei. Basi mwenye kutaka kujenga daraja, kuchimba mtaro au kuezeka darasa huko ana miezi mitatu, au minne akibahatika. Miezi iliyosalia ni ya jembe na tope.

Tumeanza na habari za mvua, ingawa tunataka kusema juu ya sheria, kwa sababu sheria za bajeti na za uwajibikaji katika matumizi ya Serikali, zilizokwisha kutungwa na zinazopendekezwa, hupimwa hapo. Bunge likishapitisha bajeti mwezi Juni, fedha huwa zimeidhinishwa, bali hazijatoka. Hazina huzitoa kwa mafungu kadiri makusanyo yanavyoingia. Halmashauri nayo ikizipokea hutangaza zabuni, huzifungua, huzitathmini, kisha hutia saini. Mara nyingi mkandarasi anapomwaga mchanga wake mahali pa kazi, mawingu yamekwisha kufunga juu ya vilima vya Heru na Muhambwe. Na mwisho wa Juni unapofika, fedha ambazo hazikutumika hurudi Hazina, isipokuwa zile zilizoombewa kibali cha kuvuka mwaka.

Hapo ndipo kila mmoja anapokuwa na udhuru, na udhuru wenyewe huwa wa kweli. Hazina yasema ilitoa. Halmashauri yasema zilichelewa. Mkandarasi asema mvua. Mwananchi, ambaye hakuulizwa, avuka mto kwa miguu akiwa na gunia la maharage kichwani.

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba huenda akauliza: Kibondo na Kasulu, umbali wote huo, zatuhusu nini? Zatuhusu sana. Ujiji, iliyo chini ya nyanda hizo, ndipo ilipoishia njia kuu ya misafara iliyotoka pwani, na Kiswahili kikafika ziwani kwa miguu. Katika siku za ukoloni nchi ya Waha ilifanywa ghala la vibarua. Vijana wake walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge, na jasho lao likajenga bandari na reli ambazo hazikupita vijijini kwao. Naye mkaazi wa Micheweni au Makunduchi aweza kuitambua hadithi ya fedha inayochelewa bila ya kufika Kigoma: kwake itakuwa kisima, au barabara ya ndani inayoanza kuchimbwa masika yakiwa mlangoni. Zaidi ya hayo, Baraza la Wawakilishi lilitunga Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, Na. 12 ya 2016, ambayo ni ndugu wa Sheria ya Bajeti iliyotungwa na Bunge mwaka 2014. Lililo na kasoro Kasulu halitakosa kuwa na kasoro Wete.

Yafaa tukumbuke pia kwamba swali la nani ashike mfuko wa wilaya si jipya. Mwaka 1972, katika utaratibu ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa na kazi zake zikakabidhiwa watumishi wa Serikali Kuu. Mwaka huo huo Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kufanyiwa operesheni ya kuhamia vijijini. Kwa hiyo watu wa Kasulu na Kibondo walihamishwa na kupoteza baraza lao la kuuliza kwa wakati mmoja. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zilirudisha halmashauri, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika yalikuwa makosa. Kiongozi anayekiri kosa huacha funzo, nalo ni kwamba fedha ikitunzwa mbali na macho ya mwenyewe hupotea, hata kama hakuna mwizi.

Tangu wakati huo sheria hazikukosekana. Tulipata Sheria ya Fedha za Umma ya mwaka 2001 na Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008. Ratiba ya Bunge ilibadilishwa mwaka 2013 ili mjadala wa bajeti uanze Aprili na kumalizika kabla ya Julai, badala ya mtindo wa zamani ambapo mwaka wa fedha ulianza wabunge wakiwa bado wanajadili. Kisha ikaja Sheria ya Bajeti, iliyoweka taratibu za kuandaa, kuidhinisha, kutekeleza na kutolea taarifa bajeti ya Serikali. Hizi zote ni hatua za heshima, na waliozisimamia wanastahili shukrani.

Lakini tukizitazama kwa makini tutaona kwamba macho ya sheria hizi huangalia zaidi juu kuliko chini. Afisa masuuli hujibu kwa Hazina na kwa kamati za Bunge. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, humkabidhi Rais taarifa yake, nayo hufikishwa Bungeni. Taarifa hiyo hutolewa mwishoni mwa Machi, miezi tisa baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Hebu tuipeleke kalenda hiyo Kibondo. Daraja lililojengwa vibaya kabla ya Juni limekwisha kunyeshewa na mvua za msimu mzima kabla ya taarifa ya ukaguzi kusomwa Dodoma. Mkaguzi hana kosa, kwani kazi yake ni kukagua yaliyokwisha kutendeka. Kosa ni letu tunapomwachia yeye peke yake kazi ambayo wanakijiji wangeweza kuianza siku ile ile saruji inapochanganywa.

Je, wanakijiji wana nyenzo? Sheria yawapa Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu kusikia mapato na matumizi. Yawapa pia nafasi ya kupanga, kwa ule utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Tatizo ni kwamba mipango hupanda kutoka kijijini ikiwa mirefu, ikakutana njiani na ukomo wa bajeti ukishuka kutoka juu, na kilichobaki baada ya mkutano huo hakirudishwi kijijini kuelezwa. Mwenyekiti wa kijiji hujua alichoomba, hajui alichopewa. Asiyejua alichopewa ataulizaje kilikokwenda?

Na mifuko imezidi kuwa mingi. Tangu mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini zimekuwa mikononi mwa TARURA, jambo lililoleta utaalamu, lakini diwani anayeulizwa na wapiga kura wake juu ya barabara hana tena kauli ya moja kwa moja juu ya fedha zake. Isitoshe, Kasulu na Kibondo zimebeba mzigo wa ukarimu kwa zaidi ya nusu karne. Wakimbizi wa Burundi walifika mwaka 1972, wakafika tena mwaka 1993 na mwaka 2015. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliotoka Kongo. Misaada iliyofuata ilikuja na visima, zahanati na magari, na magari hayo yakapita katika barabara hizo hizo za udongo. Sehemu kubwa ya fedha hizo haikupita katika vitabu vya halmashauri. Hatusemi zilitumika vibaya. Twasema diwani wa Kibondo hakuwa na njia ya kuzijumlisha na zake ili ajue wilaya yake imepata nini na imekosa nini.

Wenzetu wa Uganda walipitia mtihani kama huu. Uchunguzi ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995, wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku ya shule za msingi ndiyo iliyofika shuleni; iliyosalia iliishia wilayani. Serikali yao ikaanza kutangaza magazetini, na kubandika katika mbao za matangazo za shule, kiasi kilichotumwa kila wilaya. Katika miaka michache sehemu kubwa zaidi ya fedha ikawa yafika. Wataalamu wamebishana baadaye ni kiasi gani cha nafuu hiyo kililetwa na magazeti na kiasi gani na hatua nyinginezo, lakini hali ilibadilika, na mzazi alipata cha kushika mkononi anapomwendea mwalimu mkuu.

Hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 2021 nchi yetu ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, kiasi cha shilingi trilioni 1.3, kwa ajili ya kukabiliana na UVIKO-19, na Visiwani tukapata fungu letu. Kwa upande wa Tanzania Bara yalipangwa madarasa 15,000, kila darasa shilingi milioni 20, yawe tayari kabla ya shule kufunguliwa Januari 2022. Mambo mawili yalijulikana mpaka kijijini: kiasi cha kila darasa na siku ya kumaliza. Seremala aliweza kupiga hesabu ya mabati, na mama aliyekuwa akisomba maji ya ujenzi aliweza kuuliza milioni 20 zimefika wapi. Ikiwa jambo hilo liliwezekana kwa fedha za dharura, kwa nini lisiwe desturi kwa fedha za kila mwaka?

Kwa hiyo basi, wakati wowote sheria hizi zinaporudishwa Bungeni au Barazani kufanyiwa marekebisho, twapendekeza mambo manne yaingizwe.

Kwanza, utoaji wa fedha za ujenzi ufuate majira ya mahali. Wilaya zenye kiangazi kifupi zipelekewe mapema, na maandalizi ya zabuni yafanywe kati ya Aprili na Juni, ili Julai kisubiriwe kitu kimoja tu, nacho ni fedha.

Pili, fedha ya kazi iliyokwisha kuanza isirudi Hazina kwa sababu tu tarehe 30 Juni imefika. Ibaki katika akaunti ya kazi hiyo, na taarifa yake itolewe. Irudi ile ambayo hata msingi haukuchimbwa.

Tatu, kila fedha inayotolewa itangazwe ndani ya siku saba katika ofisi ya kijiji au ya shehia, kwa Kiswahili kinachosomeka: ni kiasi gani, cha kazi gani, anajenga nani, na itakwisha lini. Agizo hilo liwahusu TARURA na wafadhili pia.

Nne, fedha au kazi inapochelewa, sheria itaje ni ofisi gani imechelewesha, na afisa wake aandike maelezo yatakayosomwa mbele ya Baraza la Madiwani. Udhuru wa mvua usikubaliwe kwa mtu aliyekalia karatasi tangu Julai.

Twajua jibu litakalotolewa na ndugu zetu wa Hazina. Watasema makusanyo ya Julai na Agosti hayatoshi kumpa kila mmoja, na kwamba sheria haiwezi kuamuru fedha ambayo haijaingia. Hoja hiyo ni nzito na hatuidharau. Lakini ikiwa fedha ni kidogo, ndiyo kwanza yahitajika foleni yenye haki. Wilaya inayoweza kujenga mwaka mzima yaweza kungoja Desemba, Kibondo haiwezi. Na ikiwa mwaka baada ya mwaka twapitisha makubwa kuliko tunayoyakusanya, basi uwajibikaji uanzie katika kukadiria, maana ahadi isiyo na fedha ni deni kwa anayeahidiwa.

Wengine watasema kubandika hesabu kijijini kutazua maneno. Naam, kutazua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nayo maneno ya Septemba ni nafuu kuliko kujenga daraja lile lile mara mbili.

Maafisa wanaosoma safu hii wana nafasi ya kulianza jambo hili hata kabla sheria haijabadilishwa. Hakuna kifungu kinachomkataza mkurugenzi wa halmashauri kubandika karatasi moja katika kila ofisi ya kijiji mwezi ujao, wala kinachomkataza sheha kuuliza. Mvua za Oktoba zitakuja kwa wakati wake, na watu wa Kasulu na Kibondo watazipokea kwa furaha kwa kuwa ndizo riziki yao. Wanachoomba ni kwamba zikifika zikute daraja limekwisha kukauka.