Mateso si malipo ya deni

Baada ya mazungumzo yetu ya wiki iliyopita, mama mmoja alinisimamisha kwenye kituo cha daladala. Alinieleza kwamba kwa miaka sita sasa anamuuguza mwanawe wa kiume, ambaye hawezi kuinuka kitandani wala kujilisha. Majirani zake, alisema, wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linadai kwamba analipa madhambi ya ujana wake. Kundi la pili linampongeza, likisema kila usiku anaokesha anajiwekea akiba mbinguni. Kisha akaniuliza: "Mwalimu, wewe unayesema redioni, hebu niambie. Mimi ninalipa deni au ninaweka akiba?"

Gari likafika kabla sijapata la kumjibu. Leo nitajaribu, kwa sababu naamini swali lile si lake peke yake.

Kwanza tuone kwamba makundi yale mawili, ingawa yanapingana, yanasema lugha moja, nayo ni lugha ya dukani. Moja linamwona mama yule kama mdaiwa, jingine linamwona kama mwekaji akiba. Yote mawili yanaamini kwamba mateso ni fedha, na kwamba Mungu yuko upande wa pili wa kaunta anahesabu.

Sisi tunaosema Kiswahili tunalo neno kafara. Mtaani tunalitumia kwa kitu kinachotolewa ili balaa lipite, na pia husikika uvumi kwamba tajiri fulani alimtoa ndugu yake kafara ili apate mali. Katika matumizi yote hayo mtoaji ni binadamu, na anayeridhishwa ni nguvu fulani iliyo juu yake. Imani ya Kikristo iliigeuza njia hiyo. Inafundisha kwamba msalabani aliyetoa ni Mungu mwenyewe, na waliopokea ni wanadamu. Mtume Paulo anawaeleza Warumi kuwa Kristo hakungoja watu watengenee ndipo afe kwa ajili yao. Aliwafia wangali wakosefu. Hiyo ndiyo inayoitwa neema.

Na hilo neno neema wakulima wetu wanalielewa vizuri kuliko wengi wetu wa mjini. Wakisema mwaka huu una neema, wana maana kwamba mvua imenyesha, mahindi yamekubali na maziwa yapo. Hakuna aliyeinunua mvua ile. Lakini mtu akinyeshewa na mvua kisha asishike jembe, atalala njaa. Jembe halinunui mvua, bali linaiitikia.

Jambo hili liliwatenganisha Wakristo kwa karne nyingi. Waprotestanti waliwashutumu Wakatoliki kwamba wanataka kuupata wokovu kwa matendo, na Wakatoliki wakawashutumu wenzao kwamba wameyadharau matendo mema. Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja. Walikiri kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yake, na kwamba neema hiyo ndiyo inayomwezesha kutenda mema. Tofauti nyingine zimebaki, lakini katika hilo wanasema pamoja.

Sasa utauliza, kama neema ni ya bure, mateso ya watu wema yana maana gani? Nitakupa mfano wa hapa hapa kwetu Afrika Mashariki.

Janani Luwum alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire kuanzia mwaka 1974. Huo ulikuwa wakati wa utawala wa Idi Amin, watu wakipotea na familia zikiogopa hata kuuliza. Luwum alikwenda kwenye ofisi za wakubwa kuwaulizia waliopotea. Mwanzoni mwa Februari 1977 askari waliingia nyumbani kwake usiku, eti wakitafuta silaha. Siku chache baadaye yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais barua ya kulalamikia mauaji na uonevu. Tarehe 16 Februari 1977 maaskofu waliitwa Kampala. Wenzake wakaambiwa waende nyumbani, yeye akabakizwa. Aliuawa siku hiyo pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari, lakini maiti yake ilikuwa na majeraha ya risasi. Alizikwa kijijini kwao Mucwini, kaskazini ya nchi.

Je, Luwum alikufa ili ajinunulie neema? La hasha. Alikuwa ameokoka tangu mwaka 1948, katika ule uamsho ulioenea Afrika Mashariki. Neema aliipata kwanza, mateso yakafuata miaka karibu thelathini baadaye. Wala hakuyatafuta mateso hayo. Alichotafuta ni uhai wa watu wengine, na njia hiyo ikamfikisha kwenye risasi. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya sadaka ya Kikristo na kupenda maumivu. Mkristo haambiwi apende kuumia, bali apende watu, hata pale kupenda kunapoumiza.

Kuna na upande wa pili wa kisa hicho. Miongoni mwa maaskofu wa siku ile alikuwamo Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye miaka ya nyuma alipata kuwa mwalimu Dodoma. Baada ya mauaji alikimbilia Rwanda usiku kwa miguu, akipita milimani pamoja na mkewe. Kisha alieleza kwamba, akiwa kanisani London siku ya Ijumaa Kuu, aligundua kuwa moyo wake umejaa chuki. Akaona kwamba kama Yesu aliwaombea waliompigilia misumari, yeye hana budi kumsamehe Amin. Kitabu alichotoa mwaka huo huo kwa Kiingereza kina jina lenye maana ya "Ninampenda Idi Amin". Wengi walikasirika. Lakini tusisahau kwamba maaskofu waliokuja kusamehe ndio walioandika barua ya kulalamika. Msamaha wao haukuita mauaji ajali ya gari.

Nalisema hilo kwa makusudi, kwa sababu mafundisho haya hutumiwa vibaya. Mke anayepigwa huambiwa abebe msalaba wake. Kibarua asiyelipwa huambiwa avumilie, atalipwa mbinguni. Hayo si mafundisho ya msalaba. Msalaba mtu hujitwika mwenyewe kwa upendo. Anayemtwika mwenzake kwa faida yake mwenyewe yuko upande wa wale waliopigilia misumari.

Nirudi kwa yule mama. Mama, hulipi deni. Wanafunzi wa Yesu waliwahi kumuuliza, juu ya kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Wala huweki akiba, kwa sababu mbinguni hakuna kitabu cha benki. Kwa nini mwanao anaumwa, sijui, na ningekuogopa kama ningekuwa mtu wa kukupa jibu rahisi. Ninachoweza kukuambia ni kwamba unamgeuza kitandani usiku kwa kuwa unampenda, na upendo huo ndio neema yenyewe ikifanya kazi mikononi mwako.

Na ninyi majirani wa makundi yote mawili, acheni kuhesabu. Mama huyu hajalala vizuri kwa miaka sita. Badala ya kumweleza maana ya mateso yake, mmoja wenu aende leo jioni, akae na mgonjwa, ili mama apate kulala hadi asubuhi. Kesho aende mwingine.

Hadi wiki ijayo, Mungu akipenda, kwaherini.