Nywila ndefu au kidole? Jinsi ya kufunga hazina ya siri katika simu

MTU aliye na akaunti ya benki, barua pepe, tovuti ya ushuru na ile ya karo ya mtoto anahitaji nywila tofauti kwa kila mojawapo. Kwa kuwa hakuna kichwa cha kubeba nywila hamsini, wengi sasa hutumia programu ya kutunza nywila, ambayo huzihifadhi zote pamoja na kuzifunga kwa nywila moja kuu.

Kwenye tarakilishi mpango huu hauna udhia mkubwa. Taabu huanza kwenye simu. Nywila kuu iliyo bora huwa na maneno manne au matano yasiyohusiana, na kuyaandika kwa kidole gumba ndani ya matatu inayoyumba, huku abiria wa kiti cha nyuma akichungulia, ni kazi ya kumchosha hata mvumilivu. Baada ya siku mbili tatu mtumiaji huifupisha nywila, au huiacha programu wazi kutwa kucha.

Makosa hayo mawili yana asili moja: kutowatofautisha maadui. Yupo mdukuzi wa mbali, asiyewahi kuiona simu yenyewe, na yupo mwizi wa karibu, anayeinyakua mkononi. Kila mmoja ana kinga yake.

Mdukuzi wa mbali ndiye sababu ya nywila kuu kuwa ndefu. Kampuni nyingi za programu hizi huweka katika seva zao nakala ya hazina ya mteja, ikiwa imegeuzwa maandishi ya fumbo yasiyofumbuliwa ila kwa nywila hiyo. Mnamo Desemba 2022, kampuni ya LastPass ya Marekani ilitangaza kwamba wezi walikuwa wamenakili hazina za wateja wake. Mwenye nakala kama hiyo hafungiwi nje baada ya majaribio matatu. Tarakilishi yake hukisia usiku na mchana. Wala kubadilisha nywila kuu baada ya wizi hakuigusi nakala iliyokwisha kuibwa. Kinachobaki ni kuzibadilisha nywila zote zilizomo, moja baada ya nyingine.

Kwa mwizi wa karibu, kinga inayofaa ni alama ya kidole au sura. Wengi hudhani kwamba kidole huchukua nafasi ya nywila kuu, lakini sivyo. Nywila ikishaandikwa mara ya kwanza, programu huweka ufunguo katika sehemu maalumu ya simu, na simu haiutoi hadi imtambue mwenyewe. Aliye mbali hafaidiki kwa lolote. Kwa hivyo kidole ndicho kinachomwezesha mtu kuwa na nywila ndefu bila kuteseka nayo. Apple inaeleza kuwa uwezekano wa kidole cha mgeni kukubaliwa na simu yake ni 1 kwa 50,000, ilhali nambari ya siri ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000 pekee.

Tatizo kubwa liko kwenye nambari hiyo. Baadhi ya programu, kidole kikikataa, hukubali nambari ya kufungulia simu. Mnamo 2023, gazeti la Wall Street Journal liliripoti jinsi wezi nchini Marekani walivyowachungulia wateja wa baa wakiandika nambari zao kabla ya kuwaibia simu. Apple iliongeza kinga Januari 2024: mwenye simu akiiwasha, nywila zilizohifadhiwa humo hazifunguki mbali na nyumbani au kazini ila kwa uso au kidole.

Hapa Kenya, ambako wengi hutumia tarakimu zile zile nne kwa simu, M-Pesa na kadi ya benki, afadhali nambari ya simu iwe ya tarakimu sita na isifanane na nyingine. Aidha, mwizi aliyeijua nambari anaweza kuongeza kidole chake mwenyewe; programu nzuri hulitambua jambo hilo na kudai nywila kuu.

Kuhusu muda wa programu kujifunga, dakika moja yatosha. Kidole huchukua sekunde moja tu, hivyo hapana haja ya kuipa saa nzima.

Hata hivyo, wepesi huu una gharama yake. Asiyeandika nywila kuu kwa miezi huisahau, na simu ikipotea, kampuni nyingi haziwezi kumrejeshea. Fundi wa mawe ambaye vidole vyake vimechubuka huenda akaihitaji kila siku. Inafaa iandikwe kwenye karatasi na kuwekwa nyumbani pamoja na hatimiliki na vyeti vya kuzaliwa, kisha iandikwe kwenye simu angaa mara moja kwa wiki.

Na anayehofia kushikwa kidole kwa nguvu au akiwa usingizini ana njia rahisi: aizime simu na kuiwasha tena. Ikiwaka, haikubali kidole wala uso kabla ya kupewa nambari ya siri.