Kamba Inayokushika Juu ya Mti: Mwongozo kwa Wanaoanza Kuwinda Kulungu

Msimu wa kuwinda kulungu unakaribia hapa Marekani, na kama kila mwaka, baadhi ya baba, mama na vijana wetu wamealikwa na wenzao wa kazini kwenda porini. Ni jambo jema. Kulungu mmoja mkubwa anaweza kuipa familia kilo 20 au zaidi za nyama, na siku moja porini na mwenzako huzaa urafiki ambao mwaka mzima wa kusalimiana kiwandani hauuzai.

Hivi karibuni baba mmoja alifika ofisini na mfuko aliopewa bure na mwenzake wa kazini. Ndani mlikuwa na vipande vinne vya ngazi ya alumini ya kupandia mti. Viwili vilikuwa na mikanda yake ya asili. Cha tatu kilikuwa kimefungwa kamba ya kuanikia nguo. Cha nne hakikuwa na chochote. Baba huyo aliuliza swali moja tu: "Ninunue kamba gani?" Tunamshukuru kwa kuuliza kabla ya kupanda. Makala hii ni jibu letu kwake na kwa wengine.

Vipande hivi vya ngazi ni nini?

Wawindaji wengi wa hapa hukaa juu ya mti, mita tano au sita kutoka chini, ili kulungu asiwaone wala asinuse harufu yao kwa urahisi. Ili wafike huko hutumia vipande vya ngazi ambavyo madukani huitwa "climbing sticks". Kila kipande ni bomba moja la chuma au alumini, urefu wake kati ya nusu mita na karibu mita moja, lenye vikanyagio kulia na kushoto. Nyuma kina miguu yenye meno inayouma gamba la mti. Unafunga cha kwanza karibu na ardhi, unakipanda, unafunga cha pili juu yake, na kuendelea hivyo mpaka unafika kwenye kiti.

Wale waliokulia pwani wanamjua mkwezi wa minazi na kitanzi chake cha miguuni. Wale wa Kigoma na Tabora wanawajua warina asali wanaopanda miti mirefu kwa kamba. Kanuni ni ile ile: kamba ikiteleza, hakuna kingine kinachokushika. Tofauti ni kwamba mkwezi alijifunza tangu utotoni na anaifahamu kamba yake. Sisi tunapewa kamba ya mtu mwingine, ya kiwanda tusichokijua, na tunapanda gizani kabla ya alfajiri tukiwa na nguo nzito za baridi.

Kwanza leseni, kisha kamba

Usinunue chochote kabla hujapata leseni ya kuwinda ya jimbo lako na kibali cha kulungu. Majimbo mengi pia yanadai cheti cha mafunzo ya uwindaji. Kwa mfano, Kentucky inakidai kwa waliozaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye, na Texas kwa waliozaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye. Kuwinda bila leseni si kosa dogo kwa familia zetu: fomu ya kuomba kadi ya kijani inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa. Na kabla ya kushika bunduki ya mtu, muulize mwanasheria wako wa uhamiaji kama hali yako ya kisheria inakuruhusu.

Vifungio vya aina tatu

Cha kwanza ni mkanda wa kitambaa wenye bizimu ya meno. Huu ndio mkanda unaokuja na vipande vingi vya ngazi vinaponunuliwa vipya. Unauzungusha kwenye mti, unaupitisha kwenye bizimu, unauvuta, na meno ya bizimu yanaubana. Ni rahisi kujifunza, bei yake ni ndogo, na upana wake unashika gamba vizuri. Ubaya wake ni mbili: chuma hugonga alumini na kupiga kelele inayomtisha mnyama, na barafu au matope yakiingia kwenye meno, mkanda unaweza kuteleza.

Cha pili ni kamba ya duara inayoshikwa na kishikio cha meno, kama kile cha kwenye mashua za tanga. Kamba inazunguka mti, inaingia kati ya meno, na ukiivuta inabana zaidi. Haina kelele, na inakunjwa ndogo mkobani. Lakini kishikio kimetengenezwa kwa unene fulani wa kamba. Ukiweka kamba nyembamba zaidi, meno hayatashika. Ukiweka nene zaidi, haitaingia mpaka mwisho na inaweza kuchomoka. Kwa hiyo kamba ya badala lazima iwe na unene na aina ileile aliyoitaja mtengenezaji.

Cha tatu ni kamba ya Dyneema iliyosukwa vitanzi vingi mfululizo. Unaizungusha kwenye mti na kuvika kitanzi kinachofaa kwenye kitufe cha chuma kilicho kwenye kipande cha ngazi. Dyneema ni nyuzi za plastiki zenye nguvu ya ajabu: kamba ya unene wa milimita 6 inaweza kubeba zaidi ya kilo 3,000 kabla ya kukatika. Ni nyepesi, hainyonyi maji na hainyumbuki. Ndiyo maana wawindaji wazoefu wanaipenda.

Lakini Dyneema ina tabia zake. Inateleza sana, hivyo fundo la kawaida linaweza kufunguka lenyewe chini ya uzito. Vitanzi vyake hutengenezwa kwa kuingiza ncha ya kamba ndani ya kamba yenyewe kwa urefu wa kutosha, kazi inayohitaji ujuzi. Pia haivumilii joto: huyeyuka kwenye nyuzi joto karibu 150, wakati nailoni inavumilia zaidi ya 200. Ukiitaka, nunua iliyosukwa tayari na muuzaji anayeitengeneza kwa kazi hii. Usiisuke nyumbani kwa kufuata video.

Ushauri wetu kwa anayeanza: chukua mkanda wenye bizimu kutoka kwa mtengenezaji wa vipande vyenyewe. Ulipimwa pamoja na kipande hicho, na ukibadilisha kifungio, mara nyingi dhamana ya kiwanda inakufa. Kelele unaweza kuipunguza kwa kufunika chuma kwa utepe wa kitambaa, mahali ambapo meno hayagusi. Hayo mengine yatakuja misimu ijayo.

Namba zinazodanganya macho

Kwenye pakiti ya kamba utaona namba za aina mbili, na watu wengi wanazichanganya. Moja ni uzito unaokata kamba. Nyingine ni uzito salama wa kazi, ambao kwa kawaida ni sehemu ya tano mpaka ya kumi ya ule wa kwanza.

Chukua kamba nyembamba ya kijeshi inayouzwa kila duka, inayoitwa 550. Namba hiyo ni paundi 550, kama kilo 250. Mtu wa kilo 90 anasema, "Inatosha mara mbili na zaidi." Haitoshi. Kilo 250 ni uzito wa kuikata ikiwa mpya, kavu na bila fundo. Fundo peke yake linaweza kupunguza nguvu ya kamba kwa theluthi moja au zaidi. Na mguu ukiteleza, mwili unaoanguka hata kwa nusu mita huivuta kamba kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake wa kawaida.

Soma pia kibandiko kilicho kwenye kipande cha ngazi. Vingi vimeandikwa paundi 300, yaani kilo 136 hivi. Hesabu mwili wako, viatu, nguo za baridi, mkoba na silaha kwa pamoja. Alama ya TMA, chama cha watengenezaji wa vifaa hivi Marekani, inaonyesha kwamba kifaa kimepimwa kwa kanuni zao. Kifaa kisicho na kibandiko chochote kiache.

Kamba zisizofaa hata kidogo

Kamba ya kuanikia nguo. Kamba ya plastiki ya njano au ya buluu ya kufungia mizigo, kwa sababu jua huila haraka. Kamba ya mpira. Kamba ya katani, hata kama imetoka Tanga, kwa sababu ikilowa na kukauka mara nyingi huoza kutoka ndani na huwezi kuona. Kamba yoyote ambayo hujui ilitoka wapi.

Kagua kabla ya kila msimu na kila kupanda

Pitisha mkanda wote kati ya vidole vyako, pole pole, mahali penye mwanga. Tafuta nyuzi zilizokatika, mshono ulioachia, sehemu iliyopauka kwa jua, sehemu ngumu kama iliyoungua, na alama za meno ya kindi. Kindi wa hapa hupenda kutafuna mikanda iliyoachwa mtini. Mkanda ulioachwa mwaka mzima una hatari nyingine: mti hunenepa na kuuvuta mpaka nyuzi zinachoka. Ondoa vifaa vyako msimu ukiisha. Katika ardhi nyingi za umma, hilo pia ni sharti la sheria.

Watengenezaji wengi wanashauri kubadilisha mikanda kila baada ya miaka miwili. Ukiwa na shaka, ukate kwa kisu kisha uutupe. Usimpe mtu mwingine, na usiutupe mzima, maana kuna atakayeuokota.

Namna ya kufunga

1. Chagua mti ulio hai, ulionyooka. Katika majimbo mengi miti ya ash imekufa kwa sababu ya mdudu anayekula ndani ya gamba. Mti mkavu usiupande. Epuka pia mti wenye gamba linalobanduka.

2. Zungusha mkanda bila kuupinda na bila kuukalisha juu ya kishina cha tawi. Vuta mpaka ulegevu wote uishe.

3. Shika kipande cha ngazi na ukisukume chini kwa nguvu mpaka meno yake yaume mti. Kisha vuta mkanda tena. Hatua hii wengi wanaisahau, na ndiyo inayofanya kipande kuteleza mtu anapokanyaga.

4. Funga ncha iliyobaki ili isining'inie na kunasa mguu.

5. Kanyaga kikanyagio cha chini ukiwa bado karibu na ardhi, urukeruke kidogo. Kikisogea, anza upya.

6. Kipande kinachofuata kiweke mahali unapofikia bila kunyoosha mguu kupita kiasi. Ukipanda, viungo vitatu viwe vimeshika daima: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja.

Fanya mazoezi mchana, kipande kimoja tu karibu na ardhi, mpaka mikono izoee.

Kamba ya pili ni ya mwili wako

Hata mkanda ukiwa mpya, haupaswi kuwa kitu pekee kinachokutenganisha na ardhi. Vaa mikanda ya usalama ya mwili mzima, inayopita mabegani, kifuani na mapajani. Wakati wa kupanda na kufunga vipande, zungusha kamba kwenye mti kutoka kiunoni, kama wanavyofanya mafundi wa nguzo za umeme. Ukifika juu, jifunge kwenye mti kwa kamba iliyo juu ya kichwa chako, isiwe na ulegevu ukiwa umekaa. Tangu mguu unapoacha ardhi mpaka unaporudi ardhini, uwe umefungwa.

Ukianguka na kuning'inia, usikae hivyo ukisubiri. Mikanda ya mapajani huzuia damu isirudi moyoni, na mtu anaweza kufa akiwa hana jeraha. Mikanda mingi huja na utepe wa kukanyaga ili kuipa miguu nafuu. Jua uko wapi kabla ya kuuhitaji. Simu iwe mfukoni unapoifikia, si kwenye mkoba. Ukipiga 911 na Kiingereza kikakushinda, sema "Swahili": vituo vingi vina wakalimani kwa simu. Na kabla ya kutoka nyumbani, mwambie mkeo, mumeo au jirani uko mti gani na utarudi saa ngapi.

Silaha usipande nayo. Iache chini bila risasi, kisha uivute kwa kamba nyembamba ukishajifunga juu. Kwa kazi hiyo ile kamba ya 550 inafaa.

Tulichomwambia yule baba

Tulimwambia akate kamba ya kuanikia nguo na kununua mikanda minne mipya ya mtengenezaji uleule, hata kwa vile vipande viwili vilivyokuwa na mikanda yake, kwa sababu hakuna aliyejua umri wake. Tulimwambia pia kwamba kama fedha haitoshi kununua mikanda ya mwili mwaka huu, asipande. Kuwinda kutoka ardhini kunaruhusiwa, na wengi hupata kulungu wakiwa wamekaa kwenye kibanda cha turubai.

Wazee wetu walisema mpanda ngazi hushuka. Kwa baba mwenye watoto watano na zamu ya kiwandani siku ya Jumatatu, kazi ya kamba ni kuhakikisha anashuka kwa miguu yake mwenyewe.