Wawili Mbele ya Kamera, Mmoja Hana pa Kutokea

Anayesomea filamu, awe Dar es Salaam, Bagamoyo au Nairobi, hachelewi kukutana na zoezi la waigizaji wawili: onyesho moja, mahali pamoja, dakika tatu hadi tano, kamera ya kuazima. Wengi huchagua kichekesho wakidhani ni kazi nyepesi, kisha huketi kutafuta maneno ya kuchekesha. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mtazamaji humcheka mtu aliyebanwa, na maneno huja baadaye. Kwa hiyo cha kuchagua kwanza ni uhusiano wa hao wawili, pamoja na sababu inayomzuia mmoja wao kuinuka akaenda zake.

Watangulizi wetu walilijua hili vizuri. Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania walichekesha nchi nzima bila picha hata moja, kwa sauti za wajanja wawili waliobeba uhusiano wao katika majina yao, kwani kila msikilizaji aliijua methali ya pwagu kupata pwaguzi. Kule Kenya, Vioja Mahakamani vya KBC vilipata nguvu zake kizimbani, mahali ambapo mshtakiwa hana mlango wa uani. Nao King Majuto na Sharo Milionea, wote watoto wa Tanga, walitupa mzee na kijana wa mikogo. Sharo alifariki kwa ajali ya gari Novemba 2012, Majuto akafuata Agosti 2018, lakini kazi zao zingali zikitazamwa. Mwanafunzi azitazame huku akimwangalia zaidi yule asiyezungumza. Kijana anajitapa, anatembea kwa madaha, na kicheko kinatoka usoni mwa mzee anayemkodolea macho. Anayesikiliza ana kazi kubwa kuliko anayesema, na onyesho lisilompa msikilizaji kitu cha kupoteza halifai kuchaguliwa.

Asiyetaka kuandika mwenyewe anaweza kuchukua kipande cha tamthilia. Said Ahmed Mohamed alitupa Amezidi mwaka 1995, na ndani yake Ame na Zidi, mafukara wawili wa pangoni, wanatosha kulishughulisha darasa zima. Ila ucheshi wake ni mchungu na unadai waigizaji waliokomaa, hivyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza achukue kipande kitakachotimia kurasa tatu tu za mswada wa filamu, kwa hesabu ya kawaida ya ukurasa mmoja kwa dakika moja.

Kipande ninachokipenda zaidi kimo katika Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka 1969. Launcelot, mtumishi anayetaka kumtoroka tajiri wake, anakutana njiani na baba yake mzazi, mzee Gobbo, ambaye macho yake hayaoni vizuri. Mzee amebeba sahani ya njiwa, anauliza njia ya kwenda nyumbani kwa tajiri wa mwanawe, na hamtambui anayemuuliza. Mtoto anamzungusha kwa maelekezo ya kupotea, kisha anamwambia kuwa huyo Launcelot amekwisha kufa. Anapojitambulisha na kupiga magoti aombe radhi, baba anapapasa kichwa chake na kustaajabu jinsi mwanawe alivyoota ndevu nyingi. Majukwaani kuna desturi ya muda mrefu: mwigizaji hupiga magoti akimpa baba kisogo, na zile "ndevu" ni nywele za nyuma ya kichwa.

Sasa mwenye kamera afikiri. Akiusogelea uso wa mzee peke yake, mtazamaji hauoni mkono ulipo, na kichekesho kimekufa. Shoti pana inayowachukua wote wawili, kamera ikitulia, ndiyo inayouonyesha mkono, kisogo na furaha ya mzee kwa wakati mmoja. Uso wa karibu autunze kwa ajili ya pale baba anapoambiwa mwanawe amefariki. Pale napo pana hatari yake. Sisi tunajua mtoto yu hai, ndiyo maana tunacheka, lakini mzee akiachwa alie muda mrefu huruma inameza kicheko, na mtoto anageuka kuwa katili. Nafasi hiyo ni ya pumzi mbili au tatu, basi.

Jambo la sheria lisisahauliwe. Shakespeare hana tena mwenye hakimiliki, lakini tafsiri ni mali ya aliyetafsiri. Sheria ya Tanzania ya 1999 inailinda kazi ya mtunzi kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na Mwalimu alifariki mwaka huohuo. Filamu ikitoka darasani kwenda YouTube au kwenye tamasha kama ZIFF, ruhusa iwe imepatikana, au mwanafunzi aitafsiri upya sehemu hiyo kwa kalamu yake.

Hata hivyo, utajiri mkubwa wa maonyesho ya watu wawili tunao nyumbani, nao ni utani. Mchaga na Mpare, Mhehe na Mngoni, babu na mjukuu: uhusiano uko tayari, kila mmoja ana haki ya kumrushia mwenzake maneno na hakuna ruhusa ya kununa. Kilele chake ni msibani. Watani huja wakamwigiza marehemu, wakazuia shughuli, na wapo wanaoingia kaburini wakagoma kutoka mpaka walipwe. Tuseme mwanafunzi anaandika hapo:

"Toka humo, mtani, jua linazama."

"Zimeni taa basi, nilale."

"Shika hii elfu mbili."

"Elfu mbili! Marehemu alikuwa na tano yangu. Ngoja nimsubiri hukuhuku, tutamalizana wenyewe."

Mfiwa hawezi kuondoka, kwani anamzika mzazi wake. Hawezi kukasirika, maana huyu ni mtani. Hawezi kumvuta kwa nguvu mbele ya wazee. Amebanwa pande tatu, na bado ana majonzi ya kweli, ambayo mwigizaji asiyaache hata kidogo. Kamera ikiwekwa chini shimoni, mfiwa anaonekana mkubwa juu ya ukingo, mbingu nyuma yake, wakati yeye ndiye anayebembeleza. Ikiwekwa juu, mtani anaonekana mdogo, kajikunyata kwenye udongo, naye ndiye mwenye amri. Picha inasema hivi, hali iko vile, na kicheko kinazaliwa katikati. Shimo lichimbwe shambani kwa ruhusa ya mwenyewe, mbali na makaburi ya watu. Asubuhi ni bora kuliko mchana, kwa sababu upepo ukianza kuvuma maiki hunasa mvumo huo badala ya maneno.

Kuna uchaguzi mmoja unaonisikitisha kila ninapouona: mlinzi, mfanyakazi wa ndani au mwenye duka anayewekwa mbele ya kamera ili lafudhi yake ichekwe. Wenye kuufanya hujitetea kwa utani. Lakini mtani hupewa nafasi ya kujibu, na mara nyingi jibu lake ndilo linaloshinda. Mlinzi wa filamu hizi hana jibu. Anasema neno vibaya, mwenzake anacheka, onyesho limekwisha. Aandikiwe hoja, apewe ufunguo wa geti, na tajiri aliyesahau kitambulisho asimame nje kwenye mvua, na hapo tutakuwa na watu wawili.

Mswada ukiwa tayari, waigizaji wausome mara moja wakiwa wamebadilishana nafasi. Maneno ya mtani yakikaa vizuri mdomoni mwa mfiwa bila kubadilishwa hata moja, mswada urudi mezani kabla kamera haijaazimwa.