Je, mgonjwa aliyeona mwanga alifika ahera?

Swali la wiki hii nimeulizwa mara nyingi mno hata siwezi kuliahirisha tena. Anayepita Kawangware 46 au kandokando ya reli kule Kibera siku ya Jumapili huenda akasikia kwenye vipaza sauti ushuhuda wa mtu anayesema alikufa, akapita katika shimo refu lenye giza, akaona mwanga mweupe na jamaa zake waliotangulia, kisha akaambiwa arudi kwa kuwa saa yake haijafika. Wagonjwa wangu wanataka kujua kama sisi madaktari tunayaamini maneno hayo.

Jibu langu lina sehemu mbili, na nawasihi msishike moja mkaiacha nyingine. Mtu huyo, aghalabu, hasemi uongo. Lakini aliyoyaona si ithibati kwamba alifika ahera, kwa sababu hakufa.

Tuanze na kifo chenyewe. Moyo ukisimama, damu haifiki ubongoni na mtu hupoteza fahamu kwa muda wa sekunde 10 hadi 20 hivi. Hapo ndipo jamaa huanza mayowe. Hata hivyo, ubongo haufi papo hapo. Chembechembe zake huanza kuharibika baada ya dakika chache, na ndiyo maana tunakimbilia kukibonyeza kifua cha mgonjwa badala ya kumfunika shuka. Kifo ni hali isiyo na marejeo. Aliyerudi alikuwa mlangoni tu, na wa mlangoni hawezi kutusimulia mambo ya ndani ya nyumba.

Mtaniuliza, mbona wengine wameamkia mochari? Ni kweli habari hizo zimewahi kuripotiwa humu nchini. Januari 2014 mjini Naivasha, kijana aliyekuwa amekunywa dawa ya wadudu alipatikana akisogea katika chumba cha maiti. Novemba 2020 ikasikika habari kama hiyo kutoka Kapkatet, kaunti ya Kericho. Sumu za wadudu huweza kupunguza mapigo ya moyo na kupumua kiasi cha kumpotosha anayepima kwa haraka. Kule Uingereza, daktari anatakiwa achunguze moyo na pumzi kwa muda usiopungua dakika 5 kabla ya kutamka kwamba mtu amefariki. Mtu akiamka mochari, ajuaye kusoma dalili atasema kipimo kilikosewa, wala hatasema kaburi limeshindwa.

Sasa, ule mwanga na lile shimo vinatoka wapi? Jicho hutegemea damu kama kiungo kingine chochote. Damu ikipungua, sehemu za pembeni za kuona huzimika kwanza na katikati hubaki, hivyo mtu huona kana kwamba anatazama kupitia bomba. Marubani wa ndege za kivita wanalijua jambo hili, kwani ndege ikikata kona kwa kasi damu huteremka miguuni, nao huona giza likiwajia kutoka pembeni. Wengine huzimia kwa sekunde chache na kuzinduka na ndoto. Hakuna aliyedai kwamba marubani hao walikufa.

Na kuhusu kuuacha mwili na kujitazama kutoka darini, mwaka 2002 madaktari wa Geneva, Uswisi, walikuwa wakimchunguza mwanamke mwenye kifafa. Walipotia umeme kidogo katika sehemu moja ya ubongo wake, upande wa kulia juu ya sikio, alisema anaelea na anajiona amelala kitandani. Walipozima umeme, akarudi. Sehemu hiyo ndiyo inayounganisha yale tunayoyaona na hisia za mahali mwili ulipo. Ikivurugika, mtu hupotezwa alipo.

Lakini hatuna haja ya kwenda Uswisi. Katika hospitali zetu nyingi hutumiwa dawa ya usingizi iitwayo ketamini, kwa kuwa ni rahisi na haizuii pumzi kwa urahisi. Mama aliyepasuliwa kwa dawa hiyo, au kijana aliyerudishiwa mfupa uliotoka mahali pake, huweza kuzinduka akisema alipaa, alipita kwenye shimo, alizungumza na marehemu nyanya yake. Moyo wake haukusimama hata dakika moja. Muuguzi alikuwa amekaa kando yake akimpima mapigo. Kama dawa ya sindano huweza kuleta maono yale yale, basi maono peke yake hayatuambii kwamba mtu alivuka mpaka wa uhai.

Kuna na jambo la jiko, ambalo linanisumbua kuliko yote. Katika chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10, mwezi wa Julai, baridi ikiwa kali, watu huliingiza jiko la makaa ndani na kufunga dirisha. Hewa ya sumu inayotoka humo, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu huumwa na kichwa, huchanganyikiwa, pengine huona au husikia yasiyokuwapo, kisha huzimia. Akiokolewa na majirani na kusimulia maono, nyumba hujaa waombaji, na jiko hurudi pale pale usiku unaofuata. Maombi ni mema, lakini jiko litolewe nje kwanza.

Wapo madaktari wenzangu wasiokubaliana nami, na ni haki kuwataja. Pim van Lommel wa Uholanzi alichapisha mwaka 2001 uchunguzi wa wagonjwa 344 waliofufuliwa baada ya moyo kusimama. Waliokumbuka maono walikuwa 62. Yeye anaona kwamba ukosefu wa oksijeni hautoshi kuwa sababu, kwani wote waliukosa na wengi hawakuona kitu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini igeuze upande wa pili: kama wote 344 walifika ahera, mbona 282 hawakuona lolote?

Jaribio lililonivutia zaidi ni la Sam Parnia na wenzake, lililochapishwa mwaka 2014. Katika hospitali zilizoshiriki waliweka rafu zenye picha zinazoonekana kutoka juu tu, ili roho inayoelea darini izione. Mioyo iliyosimama ilikuwa 2,060, na walionusurika wakahojiwa walikuwa 140. Hakuna aliyetaja picha. Mmoja alieleza vizuri yaliyotendeka alipokuwa akihudumiwa, lakini chumba chake hakikuwa na rafu. Kwa hiyo swali halijafungwa kabisa, ila ushahidi uliotafutwa haukupatikana.

Tazama pia wanaoonwa huko. Mkristo humwona Yesu. Simulizi zilizokusanywa nchini India husema mjumbe wa mfalme wa kifo alimchukua mtu asiyemtaka kwa kukosea jina, akaamriwa amrudishe, kama makosa ya karani katika ofisi ya chifu. Kila mmoja hukutana na waliokuwa tayari ndani ya kichwa chake.

Wakazi wa miaka mingi wa Kawangware watakumbuka Juni 1988, mtu mwenye kanzu nyeupe na ndevu alipotokea katika mkutano wa maombi wa Mary Akatsa. Maelfu walisema ni Yesu, na gazeti la Kenya Times likachapisha picha. Picha ilithibitisha kwamba mtu fulani alisimama pale. Haikuthibitisha alikuwa nani. Ushuhuda wa mahututi uko vivyo hivyo: jambo lilitokea, maana yake tumeipachika sisi.

Sikusudii kugusa imani ya mtu yeyote. Anayeamini ahera ana maandiko yake, wala hahitaji cheti cha daktari. Kinachonileta hapa ni wagonjwa ninaowaona wakiacha dawa. Mwenye kisukari ambaye sukari ilishuka akazimia na kuona malaika huambiwa amepona, naye huitupa insulini. Mwenye kifafa hivyo hivyo. Anayemeza dawa za kupunguza makali ya virusi hurudi kwetu baada ya miezi akiwa mifupa mitupu.

Ukiwa na mgonjwa wa namna hiyo nyumbani, msikilize bila kumcheka. Wengine huogopa kulala, na wengine huona haya kusimulia. Kisha mlete Mbagathi, au kituo cha afya kilicho karibu nawe, tutafute kilichomzimisha. Njoo na pakiti za dawa alizokuwa akimeza, utueleze alikula saa ngapi, na kama jiko lilikuwa linawaka ndani.